Maji yenye haitembei

Mimi ni mwalimu wa zamani, mtu wa Katana, upande wa kaskazini wa Bukavu, karibu na ziwa Kivu. Leo nataka kuwasimulia kosa moja nililolifanya ugenini, katika nyumba ya mdogo wangu, usiku mmoja wa mwezi wa nne 2018. Kosa lenyewe lilikuwa dogo: nilichomoa waya ukutani ili nipate usingizi. Lakini lilinifundisha jambo moja juu ya viumbe wa bahari, na lingine juu ya jamaa yetu, na mpaka leo nikikumbuka moja nakumbuka na lingine.

Baba yetu alikuwa mtu wa machimbo. Alifanya kazi Kamituga, kwanza katika kampani ya MGL, kisha katika Sominki iliyoanza mwaka 1976. Sisi watoto tulibaki Katana na mama, naye alikuja likizo mara moja kwa mwaka. Jioni tukiota moto alitusimulia juu ya shimo. Habari za dhahabu alizisema kidogo tu. Zaidi alitusimulia habari za hewa. «Jiwe likianguka unalisikia,» alisema. «Lakini hewa yenye haitembei, ile hauisikii. Inakulaza tu.» Alitueleza namna walivyoangalia moto wa taa: ukianza kuwa mdogo, mtu anaacha nyundo chini na kupanda, bila kungoja kuambiwa. Ninyi wa Kamituga, wa Luhwindja na wa Nyabibwe munayajua maneno haya kuliko mimi. Wakati ule nilifikiri ni maneno ya shimo tu, hayamhusu mtu anayetaka kuwa mwalimu.

Bahari ndani ya sanduku

Mdogo wangu aliondoka Bukavu mwaka 1996, wakati wa vita. Alizunguka nchi nyingi, mwisho akafika Ubelgiji, katika mji wa Liège. Kwa miaka 22 hatukuonana. Mzee wetu alipofariki mwaka 2003, yeye hakuja kwenye matanga. Alituma pesa kidogo na neno moja: kazi imemkatalia ruhusa. Nakiri hapa kwamba ni mimi mkubwa niliyeanza kumsema vibaya mbele ya jamaa yote. Nilisema Bulaya imemgeuza, hana baba tena. Basi, aliponialika mwaka 2018 nimtembelee kwa miezi miwili, nilivuka Ruzizi, nikapanda ndeke Kigali, na mzigo niliobeba moyoni ulikuwa mzito kuliko valizi.

Alinipokea vizuri sana. Tuliulizana habari za watoto, za ng'ombe, za mashamba, za bei ya sambaza. Habari za matanga ya mzee hakuna aliyezigusa. Kila tulipozikaribia, mmoja wetu alisimama kwenda kutafuta chai.

Ndani ya sebule yake kulikuwa sanduku la kioo lenye maji, lile wanaloliita akwariumu. Halikuwa kubwa, lilichukua litri 60 tu, sawa na bidoni tatu za maji ambazo mama zetu wanabeba. Nilifikiri nitaona samaki. Samaki walikuwamo, wawili, wadogo, wa rangi ya machungwa na mistari myeupe. Lakini nyuma yao, juu ya mawe, kulikuwa bustani. Kimoja kilifanana na uyoga mkubwa wa ngozi, na juu yake nywele nyingi laini zikiyumba. Kingine kilikuwa kama mti mdogo wenye matawi manene. Cha tatu kilikuwa na mikono midogo mingi iliyofumba na kufumbua, kufumba na kufumbua, kama vile mkono wa mtoto mchanga anayenyonya.

«Haya majani inaitwa nini?» niliuliza.

Mdogo wangu alicheka. «Yaya, wewe mwalimu wa biolojia! Haya si majani. Ni wanyama.»

Kweli, nilikuwa nimefundisha neno hilo kwa miaka mingi kutoka kitabuni, ila sijawahi kuliona. Walikuwa matumbawe laini. Tumbawe ni mnyama wa bahari anayekaa mahali pamoja maisha yake yote. Matumbawe magumu hujenga mifupa ya chokaa, na mifupa hiyo, vizazi kwa vizazi, ndiyo miamba mikubwa ya pwani ya Kenya, Tanzania na Zanzibar. Matumbawe laini hayana mfupa wa namna hiyo. Yana vijiti vidogo vidogo vya chokaa ndani ya nyama, basi yanaweza kuyumba. Kila mdomo mdogo unazungukwa na mikono minane. Ule wa matawi, wapenzi wa akwariumu wanauita «mti wa Kenya». Nilifurahi kusikia jina la karibu na kwetu katika mji ule wa baridi.

Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi usiku katika kiwanda cha mikate. Mke wake na watoto walikuwa wamekwenda kwa shemeji kwa ajili ya likizo ya Pasaka. Basi usiku nilibaki peke yangu, na kitanda changu kilikuwa kiti kirefu cha sebuleni, pembeni ya lile sanduku.

Usiku wa kosa

Ndani ya sanduku kulikuwa pompi mbili ndogo za kusukuma maji. Mchana hauzisikii. Usiku, nyumba ikinyamaza, zilivuma kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Usiku wa kwanza sikulala. Usiku wa pili sikulala. Usiku wa tatu, kwanza niliwahurumia wale samaki, nikawamwagia chakula kingi, kwa maana kwetu mgeni hawezi kula na kuacha wenyeji wakiwa na njaa. Kisha nikafuata waya mpaka ukutani nikauchomoa. Niliwaza: taa yenyewe imekwisha kuzimwa, viumbe vinalala, na mimi nilale. Asubuhi nitarudisha mbele hajafika.

Nililala vizuri kabisa. Saa kumi na moja na nusu ya asubuhi nikarudisha waya. Kisha nikawasha taa, nikaona.

Wale samaki wawili walikuwa juu kabisa, midomo yao ikigusa uso wa maji, wakivuta hewa kwa shida. Ule uyoga wa ngozi ulikuwa umekunjamana, nywele zote zimeingia ndani. Mikono iliyokuwa ikifumba na kufumbua ilikuwa imesimama. Mti wa Kenya ulilegea, matawi yakielekea chini kama nguo iliyonyeshewa. Chakula nilichomwaga kililala juu ya mchanga, na tayari kilianza kuwa na utando.

Mdogo wangu alifika saa kumi na mbili, kabla hata hajavua koti akaona. «Yaya, usiku umeme ulikatika?»

Nikajibu: «Sijui, nilikuwa nimelala.»

Hilo ndilo kosa lenyewe, ndugu wasomaji. Kuchomoa waya kulikuwa ujinga, na ujinga unasamehewa upesi. Lakini mtu wa miaka 58, mwalimu, mkubwa wa jamaa, nilisema uongo juu ya waya.

Juu ya nini maji yatembee

Saa sita ya mchana samaki mmoja alikufa. Mdogo wangu hakulala siku hiyo. Alipima chumvi ya maji, gramu 35 kwa litri, ilikuwa sawa. Alipima joto, alipima sumu inayotoka katika uchafu wa samaki. Alitoa litri 10 za maji akatia mengine safi aliyotengeneza kwa chumvi ya bahari. Na wakati anatafuta sababu, alinieleza kila kitu, sauti yake pole pole, kama mtu anayemfundisha mgeni asiyekuwa na kosa. Kila neno lilinichoma.

Alisema: tumbawe haliwezi kutembea kwenda kutafuta chakula. Haliwezi kukimbia uchafu wake mwenyewe. Basi kwa kuwa lenyewe haliendi, maji yanapaswa kuja. Maji ndiyo yanayoliletea hewa na chakula, na maji hayo hayo ndiyo yanayoondoa uchafu wake. Tena, maji yanayogusa ngozi ya tumbawe yanashikamana nayo kama blanketi nyembamba. Mwendo wa maji ukiwa mdogo, blanketi inakuwa nene, na ndani ya blanketi ile hewa inakwisha, hata kama pembeni kidogo maji ni mazuri. Mwendo ukiwa wa kutosha, blanketi inakuwa nyembamba, na mnyama anapumua.

Niliuliza: «Lakini hawa si wana mwani ndani yao? Mwani si unatoa oksijeni?»

«Mchana, yaya. Ndani ya nyama yao iko mwani mdogo sana, hauuoni kwa macho. Mchana, ukipata mwanga, unatengeneza sukari, unamupatia tumbawe. Oksijeni mingi sana inatoka, mpaka inazidi, na maji inapaswa kuiondoa. Lakini usiku hakuna mwanga. Usiku wote wanavuta: tumbawe anavuta, samaki anavuta, mwani naye anavuta, na chakula chenye kinaoza kinavuta zaidi. Hakuna mwenye anatoa. Ile oksijeni inaingia tu kupitia uso wa maji, kama pompi inaugeuza. Maji ikisimama usiku, ni kama mumefunga shimo na watu wako ndani.»

Alisema vile vile, «mumefunga shimo», bila kujua. Nilikumbuka taa ya mzee.

Akanionyesha lile tumbawe lenye kufumba na kufumbua. Wengi wa matumbawe wanangoja maji yaje, lakini hili linajifanyia mwendo lenyewe. Wataalamu wa Israeli walichunguza moja la ukoo huo katika Bahari ya Shamu, wakatangaza mwaka 2013 kwamba kule kufumba na kufumbua kunaondoa oksijeni iliyozidi kwenye ngozi, na mwani wa ndani unafanya kazi yake vizuri zaidi sana. Mnyama anatumia nguvu nyingi, mchana na usiku, kusukuma maji tu, kwa sababu faida yake ni kubwa kuliko gharama. Siku ile lilikuwa limesimama.

Kosa la pili

Siku mbili zikapita. Uyoga wa ngozi ulibaki umejikunja, na juu yake kukatokea utando wa kung'aa kama nta. Mimi nilizidi kuumia. Nikawaza: ikiwa kukosa maji yanayotembea ndiko kumewadhuru, basi nitawapa mengi. Usiku, mdogo wangu akiwa kazini, nilitia mkono ndani ya sanduku, nikageuza pompi zote mbili, nikazielekeza moja kwa moja kwenye ule uyoga, karibu kabisa. Nikalala nikiwa na furaha ya mtu aliyetengeneza kosa lake kwa siri.

Asubuhi uyoga ulikuwa umelala upande mmoja kama mti wa ndizi wakati wa upepo mkali. Mahali palipopigwa na maji usiku kucha nyama ilikuwa imepauka, na kwenye ukingo ilichanika. Mchanga ulikuwa umechimbwa shimo na kutupwa juu ya mti wa Kenya.

Mdogo wangu alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Kisha akauliza, bila kugeuka: «Yaya, nani amegeuza pompi?»

Katika nyumba tulikuwa wawili tu. Nikamwambia yote: waya, chakula, saa kumi na moja na nusu, neno «sijui», na pompi.

Aliketi chini, mgongo kwenye ukuta. Hakupandisha sauti. Alisema: «Juu ya nini haukuniambia asubuhi ile? Ningebadirisha maji palepale, ningeondoa kile chakula. Yule samaki angeweza kupona. Nimepima chumvi siku tatu, kumbe wewe ulikuwa unajua.»

Sikuwa na jibu. Tulinyamaza. Zilisikika zile pompi tu, na sasa sauti yao haikunisumbua.

Kisha akasema: «Na mimi iko neno sijakuambia. Wakati mzee alikufa, nilikuwa sina makaratasi. Kama ningetoka Ubelgiji, nisingerudi. Kazi ya kunikatalia ruhusa, ningeitoa wapi? Nilikuwa sina kazi. Nilikuwa nalala chini kwa rafiki. Zile pesa nilikopa. Niliona haya kuandika kama mutoto wa mzee anaishi vile.»

Nikamwambia maneno niliyoyasema juu yake kwenye matanga.

«Ninayajua,» akajibu. «Binamu aliniandikia mwezi ule ule.»

Fikirini, ndugu zangu. Miaka 15 alikuwa akiyajua, na miaka 15 mimi nilifikiri hajui. Kila Noeli tulipigiana simu, tukaulizana habari za ng'ombe. Tulikuwa sawa na sanduku lile usiku: kioo kisafi, maji yanang'aa, na ndani hewa imekwisha.

Namna ya kupanga mwendo wa maji

Hatukulia, hatukukumbatiana kama katika sinema. Alisimama, akakunja mikono ya shati, akasema, «Kuja, tutengeneze.» Tulifanya kazi ile mpaka saa nne, na tukiwa tumeangalia maji tuliweza kusema mambo ya mzee ambayo uso kwa uso yalitushinda: ugonjwa wake, siku yake ya mwisho, mahali tulipomzika.

Nawaandikia namna tulivyofanya, kwa vijana wanaopenda kujua, na labda mmoja wenu siku moja atafanya kazi hii pwani au ngambo.

Kwanza, kipimo. Kwa matumbawe laini katika sanduku dogo, wafugaji wengi hufuata kanuni hii: pompi zote pamoja zisukume kwa saa moja maji mara 10 mpaka 20 ya ukubwa wa sanduku. Sanduku lile lilikuwa la litri 60, maana yake litri 600 mpaka 1,200 kwa saa. Pompi zake zilikuwa mbili za litri 400, jumla 800. Zilitosha kabisa. Kumbe shida haikuwa nguvu, ilikuwa mahali pa kuielekeza.

Pili, pompi isipige mnyama uso. Katika bahari, maji hayatoki upande mmoja kama mpira wa kunyunyizia bustani. Yanakwenda na kurudi, yanazunguka mawe, yanabadilika. Tuliweka pompi moja upande huu na nyingine upande wa pili, moja ikielekea kioo cha mbele na nyingine ikielekea juu, karibu na uso wa maji. Mikondo miwili ikakutana katikati ikavunjika, ikawa mwendo laini usio na mstari. Ile ya juu iligeuza uso wa maji ili hewa iingie.

Tatu, kutafuta kona za kufa. Mdogo wangu alidondosha chembe chache za chakula, tukazifuata kwa macho. Mahali zilipozunguka, maji yanatembea. Mahali zilipoanguka na kukaa, pale uchafu utalala na kuoza. Tulipata kona moja nyuma ya jiwe. Tulisogeza jiwe upana wa vidole vitatu tu, na kona ikafunguka.

Nne, kila mnyama na kipimo chake. Uyoga wa ngozi na mti wa Kenya wanapenda maji ya kuwayumbisha. Wengine wa chini, bapa kama sahani, wanapenda utulivu, tukawaweka nyuma ya mawe. Alama ni hii: nywele za tumbawe ziyumbe huku na huku. Zikilala upande mmoja wakati wote, nguvu imezidi. Zisipoyumba kabisa, nguvu imepungua.

Tano, usafi. Pompi inashika chokaa na mwani, inachoka pole pole bila mtu kujua. Aliziosha kila mwezi kwa siki. Tena alinunua kipulizia hewa kidogo cha betri, kwa siku umeme utakapokatika kweli, au mgeni mwingine atakapokosa usingizi.

Ule utando wa nta uliokuwa juu ya uyoga, kumbe haukuwa kifo. Tumbawe la namna hii, mara kwa mara, linajifunga na kuvua ngozi ya juu pamoja na uchafu wote ulioshikamana nayo. Lakini haliwezi kuiondoa peke yake. Linangoja mwendo wa maji uje kuibandua. Siku ya nane utando ulianza kutoka vipande vipande, ukaelea. Siku ya kumi na moja nywele za kwanza zilitokea. Pale palipochanika pakabaki alama.

Na mti wa Kenya uliachia tawi moja. Niliogopa, nikamwita. Akaniambia ndiyo desturi yake: tawi linajikata lenyewe, maji yanalichukua, na likipata jiwe linashika na kuwa mti mwingine. Aliliokota akaliweka katikati ya mawe mawili, mahali maji yanapopita bila kulikokota. Mbele sijarudi Katana lilikuwa limekwisha kushika.

Nilivyorudi kwetu

Nyumbani nililiangalia ziwa kwa macho mengine. Ziwa Kivu lina kina cha karibu metre 485, lakini samaki wanaishi katika metre 60 hivi za juu tu. Katika wakati wa jua, tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa, upepo unayachanganya maji hayo ya juu na kuyapandishia chakula kutoka chini kidogo, na sambaza wanafaidika. Chini zaidi maji hayachanganyiki na ya juu. Hakuna oksijeni, hakuna samaki, kumejaa gesi, ile ya kuwaka ya metani na ile nzito ya kaboni, ndugu ya mazuku yanayoua watu na mbuzi pale Goma. Maji yale ya chini kuyaamsha kwa nguvu ingekuwa hatari. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos, nchini Kameruni, lilitapika gesi ya namna hiyo usiku, na watu karibu 1,700 wakafa. Ndiyo maana kule upande wa Rwanda, ambako wanatoa metani kwa kutengeneza umeme, kazi inafanywa kwa kipimo na kwa uangalifu. Kosa langu la pili lilinifundisha kulielewa jambo hilo: hata mwendo ulio mzuri, usipokuwa na kipimo, unachana.

Na bahari nayo? Matumbawe ya pwani yanapata mwendo wao bila pompi: maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kusi na kaskazi zinabadilishana. Hata hivyo mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika ya Mashariki yakawa meupe na kufa. Hayo pompi haiwezi kuyaponya. Lakini hata katika joto kama hilo, wataalamu wameona kwamba mahali maji yanapotembea vizuri matumbawe huweza kuvumilia zaidi kuliko mahali yanaposimama.

Mimi sina bahari. Nina kiziwa kidogo cha samaki nyuma ya nyumba. Zamani samaki wangu walikuwa wakija juu alfajiri, midomo wazi, nami nilifikiri wananisalimu. Sasa najua walikuwa wanakosa hewa. Nilipunguza samadi niliyokuwa nikiitupa humo, nikaleta maji ya kijito kwa mwanzi, nikauinua ili maji yaanguke kutoka juu na kupiga uso wa kiziwa. Mtoto wa jirani alisema mwanzi ule unapiga kelele usiku. Nilimwambia auache upige.

Na siku ya Pasaka iliyofuata tulikusanyika kwenye kaburi la mzee, jamaa yote. Nilisimama nikaeleza mbele yao yale niliyoyasema mwaka 2003 na kwa nini hayakuwa kweli. Sikusema kwa hasira wala sikutafuta wa kushiriki kosa nami. Mama mdogo aliuliza juu ya nini nimengoja muda wote huo. Simu ilikuwa wazi mkononi mwa mtoto wangu, na kule Liège mdogo wangu alikuwa anasikiliza. Nyuma ya sauti yake nilisikia zile pompi.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Katika jamaa yetu, liko neno gani ambalo kila mara tukilikaribia mmoja anasimama kwenda kutafuta chai?

2. Mtoto akiharibu kitu, je, anaweza kutuambia asubuhi ile ile bila kuogopa fimbo? Kama sivyo, nani amemfundisha kusema «sijui»?

3. Kwa vijana wa machimbo: katika shimo lenu, nani anaangalia hewa? Na taa ikianza kufifia, je, munapanda, au munangoja mkubwa aseme?